Taka za fuo za Pwani na kazi ya wanaojitolea kuziokota

KILA Jumamosi ya tatu ya mwezi wa Septemba, wakazi wengi wa Pwani huungana na wenzao kote ulimwenguni kuokota taka ufuoni. Shughuli hiyo ilianzia jimbo la Texas, Marekani, mnamo 1986. Tangu mwanzo, waliojitolea walitakiwa kufanya jambo ambalo hadi leo hupuuzwa mara nyingi: kuandika kila walichookota, kiwe kifuniko cha chupa, kichungi cha sigara au kipande cha wavu.

Gunia likipimwa kwenye mizani hueleza uzito tu. Orodha hueleza taka zilikotoka. Karibu na miji kama Mombasa, nyingi ni zetu wenyewe, zilizosombwa na mvua kupitia mitaro. Katika fuo za mbali, ambako hakuna duka wala hoteli, hupatikana chupa nyingi zenye maandishi ya Indonesia. Mkondo wa bahari huzivusha Bahari ya Hindi kutoka mashariki, kisha upepo wa kusi ukazisukuma nchi kavu.

Wanaoifahamu adha hii zaidi ni watu wa Kiunga, kaskazini mwa Lamu, ambako hifadhi ya bahari ilitangazwa mnamo 1979. Kasa hutaga mayai katika mchanga wa huko. Makinda yakianguliwa baada ya miezi miwili hivi, hulazimika kukimbilia majini mara moja, na rundo la ndara za mpira zilizotupwa na mawimbi laweza kuyazuia njiani yakaliwa na kaa na ndege.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa uhifadhi wa bahari, Julie Church, aliwaona watoto wa eneo hilo wakichonga ndara hizo kuwa vitu vya kuchezea. Akina mama walihimizwa kuziokota, kuziosha na kuzigeuza mapambo ya kuuza. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo usafi wa ufuo ulipoacha kuwa shughuli ya siku moja ya kupigwa picha, kwani aliyeokota alikuwa na sababu ya kurudi kesho yake.

Lamu iliendeleza wazo hilo. Fundi wa vyombo Ali Skanda na wenzake waliunda dau la mita 9 liitwalo Flipflopi kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, na kulivika ndara zipatazo 30,000. Lilishushwa majini Septemba 2018, na mapema 2019 likasafiri kilomita 500 hivi hadi Zanzibar, likitia nanga njiani kuwahamasisha wanafunzi na wanavijiji.

Kazi yenyewe ina taratibu zake. Wazoefu huisubiri bamvua, kwa kuwa maji yakijaa sana huzitupa taka juu, na yakitoka huacha wazi mikoko ambayo mizizi yake ya kupumulia imefunikwa na plastiki. Mwani na majani ya bahari yaliyokauka huachwa pale pale. Wageni huyadhani uchafu, ilhali huushikilia mchanga usichukuliwe na mawimbi na kuwalisha viumbe wadogo. Wala gari haliingizwi ufuoni kubeba magunia, lisije likaponda mayai ya kasa.

Serikali nayo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 28, 2017, na kuanzia Juni 5, 2020 ikazuia plastiki za kutumiwa mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa, zikiwemo fuo. Hata hivyo, sheria ya Kenya haiwezi kuizuia chupa iliyotupwa ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana azimio la Umoja wa Mataifa lililopitishwa Nairobi Machi 2022, la kuandaa mkataba wa dunia kuhusu plastiki, liliwahusu moja kwa moja watu wa Kiunga. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalimalizika bila makubaliano.