Upondo wa Mwanzi: Habari za Cornelius Warmerdam

Watu wa pwani huujua upondo kuwa ni mti wa kusukumia chombo penye maji machache. Katika riadha upondo huinua mtu badala ya kusukuma chombo. Mrukaji hukimbia nao, akautia ncha katika kishimo, akaning'inia, akarusha miguu kuelekea mbinguni, kisha akauachia na kuupita ufito uliolazwa juu ya miti miwili. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini upondo uliopendwa ulikuwa wa mwanzi, na hapana aliyeutumia kwa ustadi wa kumshinda Cornelius Warmerdam wa California.

Alizaliwa mwaka 1915, mwana wa wahamiaji Waholanzi, akakulia shambani karibu na mji wa Hanford. Husimuliwa kwamba mchuuzi mmoja mpita njia alimwona kijana akiruka kando ya bustani ya spinachi, akapeleka habari zake kwa mwalimu wa riadha wa chuo cha Fresno. Yamkini kisa hiki kimetiwa nakshi, kama visa vya mabingwa vinavyotiwa nakshi kila mahali. Lakini chuoni Fresno alikwenda kweli, akasoma, kisha akawa mwalimu wa shule.

Zamani hizo futi 15, yaani mita 4.57, zilihesabiwa kuwa mpaka wa uwezo wa mwanadamu. Mwaka 1937 Wamarekani wawili, Sefton na Meadows, waliukaribia mpaka huo kwa inchi moja tu, wakakoma. Tarehe 13 Aprili 1940, mjini Berkeley, Warmerdam aliuvuka. Alipojua njia hakuisahau: aliupita urefu huo mara 43 katika mashindano, na mtu wa pili kuufikia, Bob Richards, hakutokea mpaka mwaka 1951. Mwaka 1942 Warmerdam alifika mita 4.77, mwaka 1943, ndani ya ukumbi huko Chicago, mita 4.79.

Mwanzi haupindi sana wala haumrushi mtu. Mrukaji hupanda kwa mbio zake, mabega yake na wakati alioupima barabara. Mkono wa chini huteleza juu kuukuta mwenzake mara ncha inapogota kishimoni. Ukichelewa kidogo, mwendo wote umepotea. Tena kwa kuanguka hapakuwa na godoro, ila mchanga au unga wa mbao, basi aliyepanda juu alipaswa pia kujua namna ya kushuka.

Lakini vita vilikuwa vimeukumba ulimwengu. Michezo ya Olimpiki ya 1940 haikuwapo, wala ile ya 1944, na miaka ile ndiyo iliyokuwa adhuhuri ya nguvu zake. Yeye mwenyewe aliingia katika jeshi la majini. Mwaka 1947 alirudi Fresno, mara hii kuwa kocha wa riadha. Olimpiki ilipofufuliwa London mwaka 1948, kanuni za ridhaa zilimhesabu mtu anayelipwa kwa kufundisha mchezo kuwa mchezaji wa malipo, na mlango ukafungwa. Mshindi wa London, Guinn Smith, aliruka mita 4.30 kwa mwanzi. Ni haki kusema kwamba mvua ilinyesha siku hiyo, na kwamba Warmerdam alikuwa amekwisha timiza miaka 33. Hapana awezaye kuapa kwamba angalishinda. Hata hivyo mimi naiona kanuni ile kuwa ya ajabu, kwani ilimtoza mtu faini kwa kosa la kuwagawia vijana elimu yake.

Hakuacha kufundisha, alidumu katika kazi hiyo Fresno hadi mwaka 1980. Katika muda huo aliona rekodi yake ya nje ikivunjwa, mwaka 1957, na Bob Gutowski kwa sentimita moja tu, akitumia upondo wa madini. Kisha ukaja upondo wa nyuzi za kioo, ambao hujikunja kama upinde na kurudisha nguvu uliyotiwa. Rekodi ya kwanza ya dunia kwa chombo hicho iliwekwa mwaka 1961, na mwaka 1985 Sergei Bubka akafika mita 6 mjini Paris. Kwa hiyo mwalimu huyu aliwafundisha vijana katika zama ambazo mchezo wake ulikuwa ukigeuka mbele ya macho yake. Mbio na ujasiri vilibaki vile vile, lakini wakati wa kupanda, uliokuwa siri ya mikono yake, ulikuwa umebadilika kabisa.

Alifariki Fresno mwezi Novemba 2001, naye ana umri wa miaka 86. Uwanja wa riadha wa chuo kile umepewa jina lake. Mita zake 4.79 za mwaka 1943 zimebaki kuwa kimo cha juu kabisa kilichopata kufikiwa kwa mwanzi, na sasa mabingwa hawaruki tena kwa mwanzi.