Amana ya Mkono: Ulezi na Uaminifu katika Banda la Wachoraji la Elisabethville (1946–1954)

0. Utangulizi

Kazi yoyote inayorithishwa kwa mikono huwakutanisha watu wawili: anayejua na anayetaka kujua. Kiswahili kimewapa majina ya mzizi mmoja. Fundi na mwanafunzi wote wawili wametokana na kitenzi kufunda, ambacho kimezaa pia kufunza, kufundisha na mafundisho. Hata hivyo majina hayo hayalingani uzito. Fundi ni mtu mzima aliyekamilika katika kazi yake; mwanafunzi ni mwana, naye huitwa hivyo hata akiwa na mvi. Anayeingia kujifunza kazi hukubali kuwa mtoto wa mwingine kwa muda fulani, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mtoto hana njia ya kumhesabia mzazi wake.

Kinga ya hatari hiyo imo katika neno jingine ambalo Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu: amana. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwa mwingine ili akitunze na kukirudisha. Maneno amini, imani na mwaminifu ni ya ukoo huohuo. Kwa maana hiyo, kumwamini mlezi ni zaidi ya kumpenda au kumheshimu. Ni kumwekea kitu ambacho atadaiwa. Makala hii inachunguza kitu hicho kilichowekwa, jinsi kilivyotunzwa na jinsi kilivyorudishwa, katika historia ya wachoraji wa Katanga, hasa wale waliofanya kazi chini ya Pierre Romain-Desfossés mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Ili banda hilo lieleweke, yafaa kuanza miaka 20 kabla yake, kwenye kituo cha reli na mto cha Bukama.

1. Bukama, 1926: ulezi wa mbali

Mwaka 1926 Georges Thiry, Mbelgiji aliyekuwa katika utawala wa kikoloni, aliona huko Bukama nyumba zilizopambwa kwa michoro kwenye kuta. Kwa njia hiyo alimfahamu Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu, na mkewe Antoinette, ambaye naye alichora. Thiry aliwapa karatasi na rangi za maji ili kile kilichokuwa kikiharibiwa na mvua kipate kudumu. Baadaye, katika Kasai, alifanya vivyo hivyo kwa Djilatendo, aliyekuwa mshonaji wa nguo.

Picha hizo zilipelekwa Brussels kwa Gaston-Denys Périer, ofisa wa Wizara ya Makoloni aliyependa sanaa. Zilionyeshwa Brussels mwaka 1929, Geneva mwaka 1930 na Paris mwaka 1931. Picha zilivuka bahari. Waliozichora walibaki Kongo. Bei, mahali pa maonyesho na maneno ya kuyaeleza vyote viliamuliwa mbali na macho yao. Karatasi na rangi zilipoacha kuja, kazi nayo ilikatika. Katika katalogi za leo, mahali pa mwaka wa kifo cha Albert Lubaki kwa kawaida huwekwa alama ya kuuliza.

Si haki kusema kwamba Thiry na Périer walikuwa na nia mbaya. Bila wao picha hizo zisingekuwapo leo. Kasoro ilikuwa katika mpango wenyewe. Mchoraji aliweka amana yake mikononi mwa watu asioweza kuwafikia, wala hapakuwa na siku iliyopangwa ya kutoa hesabu. Wema usio na hesabu humfanya anayelelewa abaki akingoja.

2. Banda la Elisabethville

Romain-Desfossés alizaliwa Brest, Ufaransa, mwaka 1887. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini na mchoraji kabla ya kufika Katanga, na mwaka 1946 alianzisha mjini Elisabethville karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar, yaani banda. Tofauti ya kwanza na Bukama ni ukaribu: mlezi na walelewa walikuwa chini ya paa moja, na kila mmoja aliona mwingine anafanya nini.

Mji walimokutana haukuwa mahali pepesi pa kuaminiana. Mnamo Desemba 1941 askari walikuwa wamewafyatulia risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma mjini humo, na makumi ya watu walikufa. Wazungu na Waafrika waliishi katika mitaa iliyotengwa. Mwafrika aliyemkabidhi Mzungu kazi ya mkono wake alikuwa na sababu za kutosha za kusitasita. Zaidi ya hayo, Bela, mmoja wa wachoraji wa kwanza wa banda, mtu wa kabila la Sara kutoka Chad, alikuwa mtumishi wa Desfossés kabla ya kuwa mchoraji wake. Mtu mmoja alikuwa kwake bwana na mlezi kwa wakati mmoja, na mtumishi hawezi kwa urahisi kumwambia bwana wake kwamba amekosea.

Katika hali hiyo Desfossés alifanya jambo ambalo walimu wengi wa wakati wake hawakulifanya: alikataa kuushika mkono wa mwanafunzi. Hakuwapa sanamu za Ulaya wazinakili, wala hakuwafundisha kanuni za Ulaya za kuonyesha umbali na kivuli. Waswahili husema, samaki mkunje angali mbichi. Yeye alifuata njia iliyo kinyume cha methali hiyo, akiona kwamba mkono ukikunjwa mapema mno hauwezi tena kusema cha mwenyewe.

Ushahidi wa msimamo huo unaonekana katika picha zenyewe. Bela alichora kwa ncha za vidole, akijaza karatasi kwa alama ndogondogo za rangi. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, alitumia brashi kwa uangalifu mkubwa. Ndege, samaki na nyoka wake wamezungukwa na majani na vitone vilivyopangwa kwa subira. Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka 1925, alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyopigwa sambamba, katika rangi chache zinazokaribia rangi ya udongo. Anayezijua kazi zao hahitaji kusoma sahihi ili atambue nani ni nani. Watu watatu walikaa katika banda moja chini ya mlezi mmoja, na ikatoka mikono mitatu.

Jambo la pili ni jina. Picha za banda zilibeba majina ya waliozichora. Wakati ambapo kinyago cha Kiafrika kiliingia katika majumba ya makumbusho ya Ulaya kwa jina la kabila tu, Pilipili alijulikana kama Pilipili na Mwenze kama Mwenze. Jina ni sehemu ya amana ambayo mlezi akiichukua, hata kwa kusahau, ni vigumu kuirudisha. Vyuo vikuu vinalijua jambo hili vizuri, kwa maana huko pia kazi ya msaidizi yaweza kupanda ngazi na kufika juu ikiwa na jina la mwingine.

3. Kile ambacho mlezi hakukiuliza

Sifa hizo hazimalizi hesabu. V. Y. Mudimbe, katika kitabu chake The Idea of Africa cha mwaka 1994, alionyesha kwamba Desfossés aliamini wanafunzi wake wamebeba ndani yao kumbukumbu ya kale ya sanaa ya Afrika, na kwamba kazi ya mlezi ni kuiamsha na kuilinda. Basi uhuru wa mkono ulikuwa na ukuta wake. Mwanafunzi alikuwa huru kuchora apendavyo, ilimradi alichochora kilingane na Afrika ambayo mlezi alikuwa ameshaifikiria.

Ukuta huo nao unaonekana katika picha. Ndani yake mna vichaka, mito, samaki, swala, wawindaji na nyoka wanaokula mayai. Mji wa Elisabethville karibu haumo. Ni nadra kuona reli, bomba la moshi la kiwanda, kambi ya wafanyakazi au askari. Watu walioishi katika mji wa shaba walichora kana kwamba hawakuwahi kuuona. Labda wengine walipenda hivyo, na wanunuzi nao walipenda hivyo. Hata hivyo mlezi aliyeogopa kuuharibu mkono wa mwanafunzi alikuwa amekwisha kumchagulia mahali pa kutazama.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa kulinganisha na mchoraji mwingine wa mji uleule. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, hakupita katika banda hilo. Katika miaka ya 1970 alichora historia ya nchi yake katika mfululizo wa picha, na humo aliwaweka pia wafanyakazi wa Union Minière waliouawa. Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha wakati huo katika chuo kikuu cha Lubumbashi, alizinunua na kumsikiliza mchoraji akizieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Shaba. Mwaka 1996 alichapisha picha 101 pamoja na maelezo ya mchoraji katika kitabu Remembering the Present. Fabian hakuwa mlezi wa Tshibumba. Lakini alifanya jambo moja ambalo kila mlezi angepaswa kulifanya kwanza: aliuliza kwa lugha ya mwenye kuulizwa, akaliacha jibu libaki la aliyelitoa.

Kumbukumbu ya mwaka 1941 ilikuwapo mjini wakati banda lilipofunguliwa, miaka mitano tu baadaye. Haikuingia katika picha za banda. Mtu anaweza kuaminiwa kwa mkono wake bila kuaminiwa kwa kile anachokijua, na mlelewa huitambua tofauti hiyo upesi kuliko mlezi. Hujifunza kutosema.

4. Kilemba, au mwisho wa ulezi

Katika desturi za mafundi wa Uswahilini, mwanafunzi aliyemaliza kujifunza alimpa fundi wake zawadi iliyoitwa kilemba. Kamusi za zamani za Kiswahili zimeihifadhi maana hiyo. Faida ya kilemba ilikuwa zaidi ya malipo. Kiliwatangazia watu kwamba deni limelipwa, kwamba aliyekuwa mwana sasa ni fundi, na kwamba anaweza kufungua kazi yake mwenyewe bila kuonekana mwasi. Ulezi ulikuwa na mlango wa kutokea, na mlango huo ulijulikana tangu siku ya kuingia.

Banda la Elisabethville halikuwa na mlango kama huo. Lilisimama juu ya mtu mmoja, na mtu huyo alifariki mwaka 1954. Yaliyotokea baadaye ndiyo kipimo cha malezi yake. Laurent Moonens, mchoraji wa Kibelgiji, alikuwa ameanzisha mwaka 1951 Akademia ya Sanaa mjini humohumo, na wachoraji wa banda walipokewa huko. Pilipili na Mwenze hawakuingia kama mayatima wa kutafutiwa baba mwingine, walikuwa walimu. Kilemba ambacho mlezi hakuwahi kukipokea walikivaa wao wenyewe, mbele ya wanafunzi wao.

Hapo yafaa kutofautisha vilemba viwili. Kiswahili kinajua pia kilemba cha ukoka, yaani sifa za bure zinazomfurahisha mtu bila kumsaidia. Mlezi anayekataa kusahihisha anaweza kuangukia huko: akasifu kila kitu, na mwanafunzi asijue lini amefaulu. Subira ya vitone vya Pilipili na mistari ya Mwenze inaonyesha kwamba ndani ya banda kazi mbovu haikusifiwa. Kuuacha mkono uwe huru hakukuwa kuuacha uwe mvivu.

Mwenze alifariki mwaka 1999, Pilipili mwaka 2007. Mwaka 2015 picha za Bela, Pilipili na Mwenze zilionyeshwa Paris katika maonyesho Beauté Congo ya Fondation Cartier, pamoja na zile za akina Lubaki na Djilatendo. Wote walikutana ukutani. Lakini maisha ya Pilipili na Mwenze yanaweza kusimuliwa hadi mwisho, na ya Lubaki hayawezi.

5. Hitimisho

Historia hii fupi inatoa miiko minne kwa yeyote anayepewa mtu wa kumlea katika kazi, awe fundi, mwalimu, daktari au profesa. Wa kwanza ni hesabu: mlelewa aweze kuona na kuuliza kazi yake imekwenda wapi, imeleta nini, na ina jina la nani. Wa pili ni mkono: mlezi aonyeshe kasoro bila kugeuza kazi ya mwingine kuwa nakala yake. Wa tatu ni sikio: amwulize mlelewa anaona nini kabla ya kumwelekeza pa kutazama, hasa pale ambapo mlezi ni pia bwana, mwajiri au mtoa alama. Wa nne ni mlango: siku ya mwisho wa ulezi ijulikane tangu mwanzo.

Thiry alikosa mwiko wa kwanza na wa nne. Desfossés alitimiza wa pili kwa namna ya kupigiwa mfano, akakosa wa tatu, na wa nne ulitimizwa na kifo. Hakuna kati yao aliyekuwa mwizi, na kwa sababu hiyo mfano wao una manufaa zaidi kuliko ule wa mwizi. Walezi wengi hupoteza amana huku wakiamini kwamba wanaitunza. Mwanafunzi ni mwana kwa muda, na mlezi mwaminifu ndiye anayekumbuka kwamba muda huo una mwisho.