Harry Belafonte na Neno "Mali": Kumbukumbu ya Msikilizaji wa Isiolo

Harry Belafonte alipofariki New York tarehe 25 Aprili 2023, akiwa na umri wa miaka 96, tanzia nyingi zilimtaja kuwa mwimbaji wa kalipso na mwanaharakati aliyesimama bega kwa bega na Martin Luther King. Makala haya mafupi yanakusudia kumkumbuka kwa upande mwingine: msanii Mmarekani Mweusi aliyewafikishia watoto wa Isiolo, mwandishi akiwemo, utungo wa Kiswahili.

Wimbo wa "Malaika" ulivuma Kenya kwa sauti ya Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 Belafonte na Miriam Makeba waliuimba pamoja katika santuri iliyotuzwa Grammy mwaka 1966. Tangu hapo mjadala umekuwa juu ya mtunzi: je, ni Fadhili William, Adam Salim au Grant Charo? Mjadala huo una haki yake, kwani unahusu jasho la mtu. Hata hivyo, umemsahau msikilizaji.

Sisi tuliusikia katika miaka ya 1980, kwa kanda iliyochakaa dukani kwa mjomba. Lafudhi ya Belafonte haikutushangaza. Katika mji wetu wa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, karibu kila msemaji alikuwa na Kiswahili chake. Kilichotugusa ni neno moja: mali. Msikilizaji wa Nairobi huenda alifikiria fedha. Lakini kwa Kiborana *horii*, na kwa Kisomali *xoolo*, ni mali na ni mifugo pia. Kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali, kwetu, alikuwa kijana aliyepotelewa na ng'ombe.

Walipotelea wapi? Santuri hiyo ilitoka katikati ya vita vya Shifta (1963–1967). Waborana wa Waso walikusanywa katika kambi za Garba Tulla, Merti na Modogashe, na mifugo yao mingi ikaangamia. Ukame wa 1984 ukawaporomosha tena waliokuwa wameanza kuinuka. Mwishoni mwa mwaka huohuo Belafonte huyohuyo ndiye aliyetoa wazo lililozaa wimbo wa "We Are the World", wa kuchangia waliokumbwa na njaa Afrika.

Mzee mmoja, mteja wa dukani, alizoea kuuliza kanda ikinyamaza: "Huyo kijana, mwishowe alipata ng'ombe?" Watoto tulicheka. Watu wazima hawakucheka.

Mtunzi, awaye yote, hakuikusudia vita ya Waso, wala Belafonte hakuijua hadhira hii. Lakini maana ya utungo hukamilishwa na anayeupokea. Historia ya fasihi ya Kiswahili ikiendelea kuandikwa kwa kuwahesabu watunzi na waimbaji pekee, swali la mzee yule litabaki nje yake, na pamoja nalo sehemu kubwa ya Kenya iliyoupokea wimbo huo kama habari zake yenyewe.