Mtama na Kunde Katika Shamba Moja

Leo twataka kuzungumza habari za jambo lililodharauliwa muda mrefu, na miongoni mwa waliolidharau sisi walimu tumo. Nalo ni desturi ya kupanda nafaka na jamii ya kunde pamoja katika shamba moja.

Mtama na kunde ni mimea ya Afrika yenyewe, nayo imelimwa tangu maelfu ya miaka. Mahindi, maharage na karanga vilitoka bara la Amerika, vikafika kwetu baada ya mwaka 1492. Wakulima walizipokea mbegu hizo ngeni, lakini desturi hawakuiacha: wakapanda mahindi na maharage, mtama na karanga. Huko Ugogo, ambako mvua ni haba na pengine hukatika mapema, mwenye shamba hakuweka tumaini lake lote katika mbegu moja. Mtama ukikauka, huenda kunde zimekwisha kuvunwa, kwani hukomaa upesi. Na kabla ya kuvunwa, majani yake yamekuwa mboga. Tena kunde zikitambaa hufunika udongo usikauke haraka, wala magugu hayapati nafasi.

Wakati wa ukoloni maofisa wengi wa kilimo waliliona shamba la namna hiyo kuwa ni fujo. Walihimiza zao moja, kwa mistari iliyonyoka. Sisi walimu tuliyachukua mafundisho hayo tukayaingiza darasani. Mtoto aliyechora shamba la mama yake, lenye mimea iliyochanganyika, tulimwambia afute, achore upya.

Kumbe elimu ilikwisha kumshuhudia mama yule. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walieleza kwamba jamii ya kunde hupata naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika vifundo vidogo vya mizizi. Ng'oeni mkunde taratibu, mtaviona vifundo hivyo kwa macho yenu.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, katika Ugogo huo huo. Mpango mzima ulikusudia ekari zaidi ya 3,000,000, zilimwe kwa matrekta. Lakini mvua haikutosha, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukaachwa, nazo paundi kama 36,000,000 zimekwisha kupotea. Hatusemi ulishindwa kwa sababu ya zao moja tu; twasema kwamba wenyeji waliijua mvua ile na udongo ule, wala hawakusikilizwa. Hata mwaka 1960, A. C. Evans alipochapisha majaribio ya Tanganyika ya kupanda mahindi au mtama pamoja na karanga, ilionekana kwamba ardhi iliyochanganywa yaweza kuzaa zaidi kuliko ardhi hiyo ikigawanywa, kila zao mahali pake.

Basi, tusidhani kwamba kunde huulisha mtama papo hapo. Faida iliyo kubwa hufika msimu wa pili, mizizi na majani yakiisha kuoza shambani. Mwenye kuyachoma atupa mali yake. Wala tusibananishe mimea, isije ikanyang'anyana maji na jua.

Nasi walimu yatupasa kumrudishia mtoto yule karatasi yake, tumwambie kwamba picha ya kwanza ilikuwa sahihi.