Santuri za Tanga na Maduka Yaliyoziuza

Ndugu mwanachama, kijana wako akitaka wimbo leo anaugusa kwenye simu. Miaka ya sitini na sabini ilibidi uende dukani. Muuzaji aliweka santuri, wateja wakasikiliza upande wa kwanza, ikageuzwa upande wa pili, na mwenye fedha akalipa. Asiye na fedha alisimama mlangoni, akasikiliza, akaenda kuwasimulia wenye mishahara.

Sisi wa Tanga tuna sababu ya kuyakumbuka maduka hayo. Mji wetu ulitoa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz upande wa dansi, Black Star na Lucky Star upande wa taarabu. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kuvuma Kenya na Simba Wanyika. Kenya ilivuta wanamuziki kwa sababu moja kubwa: kiwanda cha kutengeneza santuri kilikuwa Nairobi, sisi hatukuwa nacho. Wimbo wa Tanga ulivuka mpaka, ukarudi kwetu ukiwa santuri ya inchi 7.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Njia ya santuri ikakatika, na fedha za kigeni zikawa adimu. Bendi ziliendelea kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini nyimbo hizo zilitengenezwa kwa ajili ya kurushwa hewani, si kwa kuuzwa dukani. Kisha zikaja kanda. Mwenye redio ya kaseti mbili alinakili atakavyo, na mwanamuziki hakupata kitu.

Mimi ni mhasibu, na kwa macho ya kazi yangu santuri ilikuwa na hati yake. Karatasi ya katikati iliandikwa jina la wimbo, bendi, mara nyingi na mtunzi, pamoja na namba. Kanda ya kunakili iliandikwa kwa kalamu "Za zamani", basi. Ndiyo maana kwenye harusi zetu hatuishi kubishana wimbo fulani ni wa nani.

Majonzi haya hayapo kwetu tu. Kule Marekani Tower Records, iliyoanzia Sacramento mwaka 1960, ilifunga maduka yake mwaka 2006, na mpaka leo watu wanayasimulia. Lakini wao wamepoteza zaidi mahali pa kukutana. Sisi tunaweza kupoteza na nyimbo zenyewe, kwa kuwa baadhi ya santuri zetu ziko chini ya vitanda na juu ya makabati, zikila vumbi na joto.

Kwa hiyo kamati imetenga fungu katika bajeti ya mwaka huu kwa ajili ya mashine ya kupigia santuri, kompyuta, na vijana wawili wa kuorodhesha kila tutakachopata. Tunaomba mchango wako, na tunaomba utafute nyumbani kwa wazee. Santuri itarudishwa kwa mwenyewe. Nakala ni ya kuhifadhi, si ya kuuza, kwa sababu haki ni ya wanamuziki na warithi wao.

Wanaoweza kututajia nani alipiga gitaa na nani aliimba wanapungua kila mwaka. Fungu la shule na la zahanati tukichelewa, tunaweza kulijaza mwakani. Hili la kumbukumbu za wazee haliwezi kungoja.