Ngome Kongwe ya Unguja

Aendaye Unguja huiona ngome kubwa mkabala wa Forodhani. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Mabaki ya kanisa hilo yangalimo kutani. Katika karne ya 19 ikawa gereza, na waliohukumiwa kufa waliuawa kwa upanga nje ya ukuta wa mashariki. Halafu ikatumiwa na reli ya Bububu. Nadhani kazi hizo, hata zile mbaya, ndizo zilizoiponya isibomolewe. Katika miaka ya 1990 ilitengenezwa, ukajengwa uani uwanja wa michezo wenye madaraja ya kukalia. Sasa ngoma na taarabu husikika usiku ndani ya kuta zilizowafunga wafungwa.