Mitaa ya Kale ya Kigali: Biryogo na Nyamirambo

 

Mji hausomeki kwa mwenye kupita ndani ya motokaa. Atakaye kuyajua ya Kigali, na atembee kwa miguu. Na aanzie Nyarugenge, kwenye makumbusho yenye jina la Richard Kandt, Mjerumani aliyeuasisi mji mwaka 1907. Kisha aelekee kusini hata afike Biryogo, na mbele yake Nyamirambo.

Huko ndiko walikokaa Waislamu wa mwanzo. Walifika zama za Wajerumani, nao ni askari, makarani na wafanya biashara, wengi wao wakitoka pande za Tanganyika na pwani. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, hata ikawa Mnyarwanda akisilimu huitwa Mswahili, ijapokuwa hajapata kuiona bahari. Msikiti wa Al-Fath, uliojengwa mwaka 1913, ni shahidi wa siku hizo.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliitwaa nchi. Waislamu wakawekwa mahali pao mbali na wengine, pakaitwa Kambi ya Waswahili. Mtu hatoki wala haingii ila kwa ruhusa. Shule zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na wazazi walichelea watoto wao wasije wakabatizwa. Hivyo wengi walikosa elimu, na kwa kukosa elimu wakakosa kazi za serikali. Wakashika cherehani, usukani na biashara ndogo ndogo. Basi mgeni awaonapo mafundi wa kushona barazani, asidhani kuwa hilo ni pambo la mtaa tu. Ni alama ya mlango uliofungwa, na ya watu waliotafuta riziki ya halali mbele ya mlango huo.

Walakini kutengwa kule kulizaa jambo asilolikusudia mtawala. Mhutu na Mtutsi walisimama safu moja msikitini, wakaoana, wakazikana. Yalipotokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, Waislamu wengi walikataa kushika panga. Waliwaficha jirani zao majumbani na misikitini pasipo kuwauliza dini, na wako waliouawa kwa kuwahifadhi. Haki yataka isemwe pia kwamba wako Waislamu walioshiriki dhuluma ile. Lakini sifa ya waliohifadhi ilienea, na baada ya vita watu wengi walisilimu kwa waliyoyaona.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2007 wanawake wa Nyamirambo waliunda kituo chao, na sasa huwatembeza wageni mitaani. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikipitisha Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi. Mwaka 2021 njia za Biryogo zilifungwa kwa magari, zikapakwa rangi, watu wakaketi kunywa chai.

Ni jambo jema. Ila rangi hufunika, na chai husahaulisha. Wazee wapungua kila mwaka, na kijana asiyeambiwa ataiona njia nzuri asijue ilikuwa kambi. Kila mzazi na amshike mwanawe mkono, ampitishe humo, amwonyeshe nyumba iliyomficha jirani, amwambie ni ya nani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia. Amin.